Laiki 9

Wiki iliyopita nilibandika habari niliyoihangaikia siku kumi, kuhusu kisima cha kijiji kilichoharibika. Ikapata laiki 9. Jioni, nikiwa kwenye daladala, nikaandika utani kuhusu konda. Laiki 400 na ushee! Asubuhi nikaamka natafuta utani mwingine, siyo habari.

Ndugu msomaji, ugonjwa huu una historia. Wataalamu wanauita gemifikesheni, yaani kuchukua vitu vya mchezo, kama pointi na beji, na kuvitia mahali pasipo mchezo. Maana hiyo waliiweka Sebastian Deterding na wenzake mwaka 2011, kwenye mkutano mjini Tampere, Finland. Siku hizo Foursquare, iliyoanza 2009, ilikuwa inagawa beji, na aliyefika mara nyingi zaidi kwenye baa fulani alikuwa "meya" wake. (Kwetu mameya wa baa wapo tangu enzi, ila hawana beji.)

Watafiti wa mwanzo walikuwa na swali la mwenye duka: wateja watarudi? Mwaka 2013 Ashton Anderson na wenzake waliwachungulia waandika programu wanaojibizana maswali kwenye Stack Overflow. Mtu akikaribia beji anaongeza kasi, akishaipata anapoa. Mwaka 2014 Juho Hamari na wenzake walipitia tafiti 24, wakakuta mara nyingi mbinu hizi zinafanya kazi, ila inategemea mahali na mtu.

Kisha swali likageuka: pointi zinamfanya nini binadamu? Mwaka 2021 Björn Lindström na wenzake walichambua machapisho zaidi ya milioni moja, wakaona tunafukuzia laiki kwa namna inayofanana na mnyama anavyojifunza kutafuta chakula. Mwaka huohuo William Brady na wenzake walionyesha kwamba mtu akipata laiki nyingi Twitter kwa kuandika kwa hasira, baadaye huandika kwa hasira zaidi. Lakini aliyenichoma ni mwanafalsafa C. Thi Nguyen, mwaka huo pia. Anasema unaingia ukiwa na lako la kusema, pointi zinakubadilishia lengo, nawe huna habari.

Mmoja wa wale tisa aliniandikia. Anauliza kijiji kiko wapi, ana fundi wa pampu. Ujumbe wake una siku nne sasa. Nilikuwa naangalia utani umefika ngapi. Ngoja nimjibu.