Kusaidiana kwa Wazee Wetu: Kumekufa au Kungali Hai?

Mara nyingi twasikia wazee wa Butembo na wa Beni wakinung'unika. Wasema, "Zamani watu walisaidiana. Siku hizi kila mtu na shamba lake, kila mtu na mfuko wake." Vijana husikiliza, kisha huenda zao wakiamini ya kuwa kusaidiana ni jambo la mababu, kama mavazi ya gome la mti. Tusikubali neno hili upesi, wala tusilikatae upesi. Yafaa kwanza tutazame mambo yaliyopita: desturi hiyo ilikuwaje, ni nini iliyoidhuru, na ni wapi tunapoiona leo.

Katika milima ya Wanande kazi nyingi zilikuwa kubwa kuliko nguvu za nyumba moja. Mtu aliyetaka kulima mteremko mzima kabla ya mvua aliwaita jirani zake. Mke wake alipika maharagwe na ndizi, naye mwenyewe akatengeneza kasikisi, yaani pombe ya ndizi. Watu walipanga mstari wakalima pamoja, na siku nyingine wakaenda kwa mwingine. Ilikuwa vivyo hivyo kwa kujenga: wanaume walikata miti na matete, wanawake walichota maji, wote wakakanyaga udongo wa kukandika kuta. Mgonjwa aliyeshindwa kutembea alichukuliwa kwa kipoi, machela ya miti, na vijana wakapokezana mabegani mlima kwa mlima. Penye matanga, hakuna aliyekwenda mikono mitupu: huyu alileta kuni, yule unga, yule maji. Mambo mengi ya namna hii yalizungumzwa jioni katika kyaghanda, nyumba ya wanaume penye moto, ambapo wazee walishauriana na vijana wakasikiliza.

Wala si sisi peke yetu. Ng'ambo ya mpaka, huko Kigezi katika Uganda, watu walifanya vyama vya kuchukua wagonjwa kwa machela, vinavyoitwa engozi. Wakamba wa Kenya wana mwethya, Wakikuyu wana ngwatio, Warundi wana ikibiri. Hata mbali kabisa, katika visiwa vya Ufilipino, iko desturi iitwayo bayanihan: jirani waliingiza mianzi mirefu chini ya nyumba nyepesi ya mtu anayehama, wakaiinua nzima mabegani na kuipeleka mahali pengine. Wafilipino nao huulizana kama desturi hiyo inaweza kuishi katika maisha ya kisasa.

Lakini tusiwapambe wazee wetu kupita kiasi. Kusaidiana kwao hakukuwa huruma tupu, kulikuwa na hesabu. Hakuna aliyeiandika, lakini kila mtu aliijua. Aliyelimiwa bila kwenda kulimia wengine alijiona siku moja yu peke yake shambani. Msaada ulikuwa deni kati ya watu wanaojuana, nalo deni lilisimama juu ya mambo mawili: hiari na kuaminiana. Tukumbuke mambo hayo mawili, maana ndiyo yatakayotufahamisha yaliyofuata.

Wakoloni Wabelgiji walipoleta kazi za pamoja, walizileta kwa nguvu. Mwaka wa 1917 serikali iliweka sheria ya kilimo cha lazima: iliweza kumdai mwanakijiji siku 60 kwa mwaka alime mazao iliyoyataka serikali yenyewe. Wakati wa vita kuu ya pili, mwaka wa 1942, siku hizo zikafanywa 120. Tena kulikuwa na kazi za kutengeneza barabara. Kwa macho, yote yalifanana na desturi ya zamani: watu wengi, majembe mengi, mstari mmoja. Lakini aliyeita hakuwa jirani, na asiyekuja hakupata aibu tu, alipata faini au kifungo.

Baada ya uhuru twaweza kudhani ya kuwa jambo hilo lilikwisha. Halikwisha. Katika miaka ya 1970 utawala wa Mobutu ulianzisha salongo, kazi ya lazima kwa wote, ya kusafisha miji, kulima na kutengeneza njia. Neno lenyewe lilikuwa zuri, na kazi zenyewe zilifaa. Lakini watu wengi walijifunza kujificha siku ya salongo, au kusimama na jembe bila kulima mpaka mkubwa apite. Hapo ndipo desturi yetu ilipopata jeraha kubwa. Mtu aliyezoea kuitwa kwa nguvu huanza kukimbia hata anapoitwa kwa wema. Kazi ya wote ikawa kazi ya hakuna mtu, na barabara nyingi za serikali zikaharibika.

Kumbe katika miaka ile ile watu wa nchi yetu walionyesha jambo jingine. Askofu Emmanuel Kataliko, aliyeongoza jimbo la Butembo-Beni tangu mwaka wa 1966 hata 1997, aliwahimiza waumini wasingoje Kinshasa, bali wajitengenezee barabara na shule. Mwaka wa 1989 Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kilianzishwa Butembo, mji ambao serikali haikuwa imeupa chuo kikuu. Wazazi na wafanyabiashara walitoa walichoweza. Watu wale wale walioikimbia salongo hawakukimbia kazi hii. Kwa nini? Kwa sababu waliona matunda yake, na walimwamini aliyewaita.

Wengine husema, "Ni fedha iliyoua kusaidiana." Basi tuwatazame wafanyabiashara wa Butembo. Wengi walianza kwa kupeleka maharagwe na mboga za milimani mpaka Kisangani, wakaendelea na kahawa, na baadaye wakafika Dubai na China. Mtu asiyeweza kujaza kontena peke yake hujiunga na wenzake, wakalijaza pamoja. Mmoja husafiri na fedha za wengi. Je, hii si kulima kwa zamu? Jembe limegeuka fedha, lakini shina ni lile lile, kuaminiana.

Tuwatazame tena akina mama wa soko na likelemba yao. Tuseme wako 20, na kila mmoja atoa faranga 5,000 kila juma. Kila juma mmoja wao apokea faranga 100,000, mpaka wote 20 wapate. Wa kwanza amekopeshwa na wenzake, wa mwisho amejiwekea akiba. Hakuna polisi anayewalinda. Huyo wa kwanza akitoroka, chama kimevunjika. Lakini akina mama huendelea, kwa kuwa kila mmoja ajua nyumba ya mwenzake. Viko pia vyama vinavyoitwa muso, vyenye sanduku la kijani la kukopeshana na sanduku jekundu la ajali, ugonjwa na msiba. Wazee hawakuwa na sanduku, lakini wangalifahamu mara moja maana ya lile jekundu.

Basi, fedha haikuua kusaidiana, wala mji haukukuua. Lakini kumepatikana na majaribu makali kuliko fedha.

Tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa ya kuwa Ebola imezuka kwetu, huko Mangina karibu na Beni. Ilipomalizika, tarehe 25 Juni 2020, watu 2,287 walikuwa wamekufa. Ugonjwa huo ulishambulia desturi zetu mahali pake penyewe: kumshika mgonjwa, kumwosha maiti, kukaa pamoja matangani. Upendo wenyewe ukawa njia ya kifo. Watu wengi hawakuwaamini wageni waliokuja na magari na mavazi meupe, na mwezi wa Februari 2019 hautasahaulika: vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Hata hivyo, kati ya waliopona wako waliorudi penye hatari kuwatunza watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wagonjwa, kwa kuwa wao walikuwa na kinga mwilini. Walibeba watoto wasiowazaa na wasiowajua.

Jaribu la pili lingali nasi. Tangu mwezi wa Oktoba 2014 wauaji wamekuwa wakiingia katika vijiji vya Beni, na baadaye wakafika hata Lubero. Mwezi wa Septemba 2025, kule Ntoyo katika Lubero, waliwavamia watu waliokusanyika kwenye matanga, wakawaua zaidi ya 60. Waliuawa wakifanya lile walilofundishwa na wazee, kumliwaza aliyefiwa. Waliokimbia vijiji vyao ni wengi sana, na sehemu kubwa yao hawakai kambini. Hukaa katika nyumba za watu: chumba kimoja familia mbili, chungu kimoja watoto kumi.

Hapa, wasomaji wapenzi, ndipo swali letu linapobadilika. Hesabu ya wazee iliwafaa watu wanaojuana. Leo nitakulimia, kesho utanilimia. Likelemba na muso nazo zina orodha ya majina, na asiyeweka fedha hapokei. Lakini mkimbizi aliyefika usiku na godoro kichwani hana jina katika orodha yoyote. Hana shamba ambalo utakwenda kulilima, wala pengine hatakuwa hapa mwakani. Kwa hesabu ya zamani, yeye hana haki ya kitu. Na wenyeji waliompokea nao wamechoka, chakula kilichowatosha mwezi mmoja chaisha kwa majuma mawili, na jirani zao hupita mlangoni wakisema, "Wale wana wageni wao."

Msamaria wa Injili hakuuliza yule aliyejeruhiwa atamlipa lini. Alilipa dinari mbili penye nyumba ya wageni, akaenda zake, akiahidi kulipa zaidi akirudi. Tena hakuifanya kazi yote peke yake, alimshirikisha mwenye nyumba.

Basi yafaa tujiulize katika mashirika yetu ya mitaani: je, sanduku letu jekundu laweza kutoa sehemu kwa asiyeweka? Je, tunajua ni nyumba zipi za mtaa wetu zinazolisha wakimbizi, na tumekwenda lini kuwapelekea unga au kuni? Tusingoje amri, maana tumeona amri ilivyotuharibia. Wazee walipokezana kipoi mabegani kwa sababu walijua mtu mmoja hawezi kukifikisha. Nyumba iliyompokea mkimbizi imebeba kipoi peke yake kwa muda mrefu. Jumapili hii tutokapo Misani, twende tubishe hodi pale, tuulize zamu yetu ni lini.