Vichocheo Hai vya Mbegu za Mahindi Vipimwe kwa Punje

Kichocheo hai kinachopakwa kwenye mbegu ya mahindi, kiwe dondoo ya mwani, asidi humiki au bakteria wa Azospirillum, huanza kazi mbegu inapofyonza maji. Bakteria hao, kwa mfano, hutoa homoni ya auksini inayoongeza mizizi ya pembeni na vinyweleo vyake. Mche hupata nguvu mapema, na kufikia wiki ya tatu tofauti huweza kuonekana kwa macho. Ndipo wakulima huitwa kwenye shamba darasa. Nashikilia kwamba ushahidi wa wiki ya tatu hautoshi kumuuzia mkulima kitu.

Sababu imo katika mmea wenyewe. Idadi ya punje kwenye gunzi huamuliwa zaidi katika majuma machache ya kutoa mbelewele na hariri. Ukame ukipiga wakati huo, au naitrojeni ikiwa imekwisha udongoni, mwanzo mzuri hupotea bure. Kila tani ya punje huondoka shambani na takriban kilo 15 za naitrojeni. Azospirillum hufunga naitrojeni ya hewa, lakini si kwa kiwango cha rizobia kwenye vinundu vya soya; mbolea ya kukuzia bado inahitajika.

Brazil inatufunza zaidi, kwa kuwa huko utafiti haukuishia kwenye vyungu. Mwaka 2010 Mariangela Hungria na wenzake waliripoti ongezeko la mavuno ya mahindi la asilimia 24 hadi 30 kutokana na aina teule za Azospirillum brasilense. Uchambuzi wa majaribio mengi ya mashambani nchini humo, uliochapishwa mwaka 2022, ulipata wastani wa asilimia 5.4 tu kwa punje, ilhali uzito wa mizizi uliongezeka kwa asilimia 12.1. Faida ipo, na kwa bakteria wa bei nafuu inaweza kulipa. Ila kinachoonekana mizizini hakifiki ghalani chote.

Kuna kasoro nyingine inayonisumbua zaidi: kichocheo cha kulowekea hulinganishwa na mbegu kavu. Dave Harris na wenzake walionyesha nchini India, katika miaka ya 1990, kwamba kulowesha mbegu usiku kucha kwa maji matupu kunaharakisha uotaji wa mahindi, mpunga na dengu. Asiyeweka kundi la maji matupu humpa mwenye chupa sifa ya maji. (Mbegu chotara za dukani ni suala jingine: nyingi zimepakwa kiuakuvu, na kuziloweka huiosha dawa hiyo.)

Manufaa ya kweli nayatarajia zaidi kwenye mvua za kusuasua, kama za Dodoma, ambako uotaji hafifu huacha mapengo. Kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30 hekta hubeba mimea 44,444. Kila shimo tupu ni gunzi lililokosekana. Basi jaribio lihesabu mashina yaliyosimama, liwe na mbegu kavu, mbegu ya maji matupu na mbegu ya kichocheo, zote zikiwa na mbolea na bila mbolea, lirudiwe misimu kadhaa kwenye mashamba ya wakulima, na punje zipimwe zikiwa zimekauka kwa unyevu uleule.