Vidole vya Mwenda Jean Bosco: Sifa ya Fundi kwa Fundi na Mipaka Yake

Mwaka 1979 John Low, mpiga gitaa kutoka Uingereza, alikwenda Shaba, yaani Katanga, huko Kongo, kuwatafuta wapiga gitaa waliotamba katika miaka ya 1950 na 1960. Aliyemtaka zaidi alikuwa Mwenda Jean Bosco. Shajara ya safari hiyo ilitoka mwaka 1982. Mpenzi wa kawaida wa muziki hafungi safari ya namna hiyo. Yeye hununua santuri, akaridhika. Fundi hutaka kuviona vidole.

Mwenda, aliyeitwa pia Mwenda wa Bayeke, alizaliwa mwaka 1930 na kufariki mwaka 1990. Alikuwa kijana bado mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipomrekodi Jadotville, mji ambao leo ni Likasi, na santuri zake zikaenea mashariki na kusini mwa Afrika. Mwaka 1959 alikuwa Nairobi, na wapigaji wa Kenya wa gitaa kavu, yaani lisilo la umeme, wakapata nafasi ya kumwona yule waliyekuwa wakimsikia tu. Mwaka 1969 alipiga kwenye tamasha la Newport, Marekani.

Kinachowashika wapigaji ni nini hasa? Chukua “Masanga”. Chodi zake ni chache, na mwanafunzi wa gitaa huzijua mapema. Ugumu uko kwenye mkono wa kulia, unaofanya kazi kwa vidole viwili tu, gumba na cha shahada. Gumba linashika besi kwa mwendo wake, huku cha shahada kikitembeza sauti nyembamba juu kwa mwendo mwingine, na mistari hiyo miwili inakatana badala ya kufuatana. Asiyepiga gitaa husikia wimbo mtamu. Anayepiga husikia watu wawili, kisha anashtuka kukumbuka kwamba ni mmoja. Mtaalamu wa muziki David Rycroft alipouandika upigaji huo kwa nota, katika jarida la African Music mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliuchambua kama ubunifu wa papo kwa papo: kiini kinarudi, lakini hakirudi vilevile. Ndiyo maana wanaomwiga hunasa mzunguko mmoja, wakadhani wameupata wimbo.

Mwanasosholojia Pierre Bourdieu alitenganisha sanaa inayotengenezwa kwa ajili ya wasanii wenzake na ile inayotengenezwa kwa ajili ya soko. Kwa mtazamo huo, msanii wa wasanii huwa mtu wa faraghani, na kupendwa na umma humtia doa. Nadharia hiyo inaeleza vyema washairi wa Paris ya karne ya 19. Kwa Mwenda haisimami. Muziki wake ulikuwa wa watu wa miji ya migodi, wa kunywea na kuchezea, na santuri ziliuzwa dukani kama bidhaa nyingine. Heshima ya mafundi haikuja kwa kuukimbia umma. Ilisafiri ndani ya santuri zilezile zilizonunuliwa na umma. Tofauti iko kwenye masikio, si kwenye kazi.

Lakini masikio hayo ya fundi yana kasoro yake, na hapa ndipo ninapotofautiana na wanaoiona sifa ya wenzake kuwa hukumu ya mwisho. Fundi husifu kile ambacho yeye mwenyewe kimemshinda. Mpiga gitaa wa Ulaya au Marekani ameshindwa na gumba la Mwenda, basi analisifu gumba. Hakushindwa na maneno, kwa kuwa hayamfikii. Low, kwa haki yake, alizitafuta nyimbo pamoja na mitindo. Wengi waliofuata wamebaki na mitindo. Matokeo yake Mwenda anafundishwa leo kama mpiga ala, ilhali alikuwa pia mwimbaji na mtunzi wa Kiswahili. “Watoto Wawili”, “Bombalaka” na “Tambala Moja” ni tungo za Kiswahili cha Katanga, lugha ya wafanyakazi waliokutanishwa na shaba, na ni kumbukumbu ya maisha ya mjini kabla ya uhuru.

Na sisi wa taaluma ya Kiswahili? Hatuna kisingizio cha lugha, ila tumekuwa na kiburi kidogo. Tumetumia miaka mingi kuhariri tenzi za Pate na Lamu, jambo jema kabisa, huku Kiswahili cha bara, cha huko Kongo, tukikichukulia kama lahaja ya pembeni isiyostahili uhakiki wa kifasihi. Hivyo nusu ya Mwenda iko kwa wapiga gitaa, na nusu ya pili haina mwenyewe.

Rekodi za Tracey zimehifadhiwa Grahamstown (Makhanda), Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki aliyoianzisha mwaka 1954. Idara zetu za Kiswahili zishirikiane na wenzetu wa Lubumbashi, ziyaandike maneno ya nyimbo hizo yote kama yalivyoimbwa, bila kuyasanifisha, na kuyawekea maelezo wakati wasemaji waliozicheza ujanani bado wapo.