Gofu ya Vikosi: Tangu Ngao ya Tannahill hata Msimu wa Mwaka 2024

Abiria wa zamani aliyepanda gari la moshi Mombasa kwenda bara, akishapita Mackinnon Road na kukaribia Maungu, aliuona mkono wake wa kushoto mlima wa Kasigau umesimama peke yake katikati ya nyika, na aghalabu alikuwa ameusahau kabla ya kushuka stesheni ya Voi kula chakula cha usiku. Miongoni mwa abiria hao walikuwamo maofisa, mahakimu na wafanyakazi wa reli waliotoka Uskoti na Uingereza, na hapana shaka kwamba katika mizigo yao mlikuwa na mifuko yenye fimbo za gofu, kwa sababu kila mahali reli ilipoweka kituo kikubwa, baada ya miaka si mingi kiwanja cha gofu kilifuata. Klabu ya Nairobi iliasisiwa mwaka 1906, miaka 7 tu tangu reli ifike hapo. Ya Mombasa, yenye mashimo 9 kando ya bahari, mwaka 1911. Nayo Idara ya Reli ikajipatia klabu yake Nairobi mwaka 1922. Mchezo huu ulipita mbele ya macho ya Wakasigau kila juma, wala haukuteremka.

Ni insafu kukumbusha kwamba katika miaka hiyo hiyo wenyeji wa mlima ule walikuwa na msiba wao. Mwaka 1915, majeshi ya Wajerumani yalipovuka mpaka na kufika Kasigau, serikali ya Waingereza iliwatuhumu wenyeji kwamba wamewasaidia maadui, ikawahamisha kwa nguvu hata Malindi, na wengi wakafa kwa maradhi na njaa katika nchi ya pwani wasiyoizoea. Waliosalia walirudi mlimani baada ya miaka mingi. Nayataja haya kwa kuwa taarikhi ya michezo ya Kenya huandikwa mara nyingi kana kwamba viwanja viliota vyenyewe penye ardhi tupu, ilhali mkono uliopanda nyasi za gofu ndio uliotia sahihi amri ya kuhamisha watu. Tena klabu hizo zilikuwa za Wazungu peke yao hata karibu na uhuru, na Mwafrika aliingia kiwanjani kwa mlango mmoja tu, wa kubeba mfuko wa fimbo.

Lakini katika klabu hizo kulizaliwa jambo ambalo wapenzi wa gofu wa leo hawalipi heshima inayolistahili. Gofu kwa asili yake ni mchezo wa mtu pekee: mchezaji hupigana na mpira wake, na upepo, na moyo wake mwenyewe, wala hana mwenziwe wa kumpasia mpira ukimshinda. Walakini mwaka 1924 klabu za Kenya zilianza kushindania Ngao ya Tannahill, na mashindano hayo yangali hai baada ya miaka mia moja, yakifanyika siku za Pasaka katika kiwanja cha Klabu ya Nairobi, ambayo tangu mwaka 1935 imeitwa ya Kifalme. Humo mchezaji haingii kwa jina lake. Huingia kwa jina la klabu yake, wakaenda wawili wawili dhidi ya wawili wa klabu nyingine, na kila pambano likaongeza au kupunguza hesabu ya kikosi kizima. Ushindi wa mtu mmoja hauna maana ikiwa wenziwe wameshindwa, na kosa la mmoja hubebwa na wote. Muthaiga, Karen, Limuru, Sigona, Klabu ya Reli: majina haya yalipata sura na tabia katika akili za watu kwa sababu ya Pasaka zile. Mzee aliyewahi kuichezea klabu yake Ngao hiyo huutaja mwaka wake kwa adhama, hata kama nyumbani ana vikombe vingi alivyoshinda peke yake.

Atazame msomaji tarehe. Kombe la Ryder, linalohesabiwa ulimwenguni kuwa kilele cha gofu ya vikosi, lilianza mwaka 1927 huko Worcester katika jimbo la Massachusetts, ambako wachezaji wa kulipwa wa Marekani waliwashinda wenzao wa Uingereza kwa pointi 9 na nusu dhidi ya 2 na nusu. Ngao ya Tannahill ilikuwa imekwisha kutimiza miaka 3. Sisemi kwamba Worcester waliiga Nairobi. Nasema kwamba fikra ya kukigeuza kikosi kuwa roho ya mchezo wa mtu pekee haikutufikia sisi kwa kuchelewa. Ilikuwapo hapa mapema, ingawa ilikuwapo kwa watu wachache, na kwa wachezaji wa ridhaa wasiopokea ujira.

Wachezaji wa kulipwa walishika njia nyingine. Mashindano ya wazi ya Kenya yalianza mwaka 1967 Muthaiga, na Guy Wolstenholme wa Uingereza akayashinda mara hiyo ya kwanza. Tangu hapo yakawa daraja ambayo mabingwa wengi wa dunia waliipitia wakiwa bado vijana: Seve Ballesteros wa Uhispania alishinda mwaka 1978, Ian Woosnam wa Wales mwaka 1986, Trevor Immelman wa Afrika Kusini mwaka 2000, na wote watatu kwa zamu zao walikuja kuvaa koti la kijani wanalovishwa mabingwa huko Augusta, Marekani. Mwaka 2019 yakapandishwa kuwa sehemu ya msafara mkuu wa Ulaya. Katika muda wote huo hakuna Mkenya aliyelitwaa kombe, japokuwa mwaka 1998 Jacob Okello alimaliza sawa na Ricardo González wa Argentina, akashindwa katika kuvunja sare. Wachezaji wetu wa kulipwa aghalabu walitoka katika makedi, yaani watoto wa kubeba mifuko waliojifunza kupiga kwa fimbo za kuazima, jioni, wenye klabu wakiisha kwenda zao. Na walipofika kuwa mabingwa walikuta kwamba Ngao ya Pasaka haiwahusu, maadamu ni ya ridhaa, na kwamba kila mmoja wao hana budi kujitafutia nauli, ada na chakula peke yake.

Basi ilipotangazwa kwamba pameanzishwa ligi ya gofu ya vikosi kwa wachezaji wa kulipwa, yenye mali ambayo mchezo huu haujapata kuiona, ilipasa sisi huku tuitazame kwa makini kuliko watu wengine. Ligi hiyo, LIV Golf, ilianza mwezi wa Juni 2022 karibu na London kwa fedha za mfuko wa uwekezaji wa Saudi Arabia. Kila shindano lilikuwa la siku 3 na mashimo 54, wachezaji wakaanza kwa wakati mmoja kila kundi kwenye shimo lake, na zawadi ikawa dola milioni 25: milioni 20 kwa mchezaji mmoja mmoja, na milioni 5 kwa vikosi. Ushindi wa kwanza ulikwenda Afrika, kwani Charl Schwartzel alishinda peke yake, na kikosi chake cha Stinger, chenye Waafrika Kusini watupu, kikashinda pamoja naye. Ghadhabu ilikuwa kubwa Marekani. Wachezaji waliohama walifungiwa na chama chao cha zamani, na wengi wakauliza kwa haki kama fedha hizo zilikusudiwa kusafisha jina la dola iliyozitoa. Swali hilo halijafutwa na uzuri wa mchezo wowote.

Msimu wa mwaka 2024 ndio ulionipa mimi hoja ya kuandika. Ulikuwa na vikosi 13 vya watu wanne wanne pamoja na wachezaji wawili wasio na kikosi, na Jon Rahm wa Uhispania, aliyekuwa ameahidi kubaki katika chama kile cha zamani, aliingia akiwa nahodha wa kikosi kipya, Legion XIII. Ulifunguliwa Mayakoba, Mexico, mwezi wa Februari. Joaquín Niemann wa Chile alipiga mapigo 59 siku ya kwanza, kisha siku ya mwisho akalazimika kushindana na Sergio García katika mashimo ya kuvunja sare hata giza likaingia, akashinda katika shimo la nne la ziada. Nacho kikosi cha Rahm, ambacho kilikuwa hakijawahi kucheza pamoja, kikaibuka cha kwanza. Mwezi wa Aprili, huko Miami, ushindi ulimwangukia Dean Burmester, mzaliwa wa Mutare, Zimbabwe, anayechezea Stinger.

Halafu msafara ukaenda Adelaide, na hapo ndipo ligi hii kwa mara ya kwanza ilipofanana na kitu chenye uhai. Watu wa Australia walijaa katika kiwanja cha The Grange kwa makumi ya maelfu, kwa kuwa kikosi cha Ripper kilikuwa cha Waaustralia watupu: Cameron Smith aliye nahodha, Marc Leishman, Matt Jones na Lucas Herbert. Siku ya mwisho, ambayo kwa kanuni ya mwaka ule mapigo ya wachezaji wote wanne yalihesabiwa, Ripper na Stinger walimaliza sawasawa, wakarudishwa kiwanjani kuvunja sare kikosi kwa kikosi, jambo ambalo halikuwa limetokea katika ligi hiyo. Mshindi wa shindano kwa mtu pekee alikuwa Mmarekani, Brendan Steele, na hakuna aliyemwonea choyo. Lakini kelele zilizotikisa kiwanja zilikuwa za Waaustralia wanne waliowashinda Waafrika Kusini wanne mbele ya jamaa zao. Juma lililofuata, Singapore, Ripper wakashinda tena.

Kati ya miezi ile na mwisho wa msimu yalipita mengi ambayo hayahitaji wasaa mrefu. Rahm aliugua mguu mwezi wa Juni akaikosa US Open, iliyochukuliwa na Bryson DeChambeau, nahodha wa kikosi cha Crushers katika ligi hiyo hiyo. Akapona, akashinda Uingereza mwezi wa Julai, na mwezi wa Septemba akashinda karibu na Chicago, hivyo akamzidi Niemann na kutwaa ubingwa wa mtu pekee pamoja na zawadi ya dola milioni 18. Ubingwa wa vikosi ulibaki kuamuliwa Dallas, katika kiwanja cha Maridoe: siku mbili za mtoano, kisha siku ya tatu ya kujumlisha mapigo ya wote wanne. Wenye majina makubwa walikuwapo. Walioshinda ni Ripper, wakapata dola milioni 14.

Kwa maoni yangu matokeo hayo hayakuwa sadfa. Vikosi vingi vya ligi hiyo viliundwa mezani, vikapewa nembo na majina ya kuvutia, na wachezaji wake wakahamishwa kutoka kimoja hata kingine baada ya msimu, bila ya mtu yeyote mahali popote kulia au kufurahi. Ripper na Stinger walikuwa na kwao. Hapa Kasigau kuna vijiji vitano vinavyouzunguka mlima, Rukanga, Bungule, Jora, Kiteghe na Makwasinyi, na kijana wa mpira wa miguu anayeulizwa anachezea nani hutaja kijiji chake, kwa sababu timu ni wale ambao atakutana nao kisimani na msibani baada ya mchezo. Ngao ya Tannahill imedumu karne nzima bila ya zawadi ya fedha kwa sababu hiyo hiyo. Fedha huweza kumtoa mchezaji kwao. Kumpa kwao kwingine ni kazi ya miaka mingi, na ligi ile haikutaka kuingoja.

Ligi nyingine ya namna hii, TGL ya Tiger Woods na Rory McIlroy, ilianza Januari 2025 ndani ya jumba huko Florida, wachezaji wakipiga mipira kwenye pazia kubwa la picha. Vikosi vyake 6 vilipewa majina ya miji au maeneo, na Atlanta wakawa mabingwa wa kwanza kwa kuwashinda New York. Wenye ligi hiyo walifahamu kwamba kikosi chahitaji mji. Ila mechi zote zilichezwa katika jumba lile moja, na mtu wa Atlanta aliyetaka kuwashangilia mabingwa wake hakuwa na budi kusafiri hata Florida au kukaa mbele ya televisheni.

Hapana Mkenya aliyecheza katika ligi yoyote kati ya hizo mbili katika misimu niliyoitaja. Wachezaji wetu wa kulipwa walikuwa na Safari Tour, iliyoanzishwa mwaka 2017 na wenye mashindano ya wazi ya Kenya ili kuwazoeza na kuwachagua watakaoingia humo, nao walizunguka kutoka klabu hata klabu, kila mtu na hesabu yake. Hatua ambayo ingefaa kufuata ni nyepesi kuliko ya Saudia. Kila klabu inayoshindania Ngao ya Pasaka ina wachezaji wa kulipwa waliokulia katika viwanja vyake wakibeba mifuko, na wanachama wanaowajua kwa majina na kwa tabia. Kama klabu hizo zingewatoa wanne wanne, Nairobi, Mombasa na Nyali, Limuru na Karen, wakatembeleana mwaka mzima kwa jina la klabu, ligi ingekuwa na kwao tangu siku ya kwanza. Wale wa pwani wangekuja bara na kurudi kwa njia ile ile ya zamani. Reli mpya, iliyofunguliwa mwaka 2017, nayo husimama Voi.