Kalamu na Randa: Shule za Misheni na Kazi za Vijana

Katika jubilei watu hupenda kuhesabu makanisa yaliyojengwa, na mapadre waliowekewa mikono, na mashule yaliyofunguliwa. Hesabu hizo ni njema, na wenzetu wamekwisha kuziandika mahali pengine katika kitabu hiki. Sisi tumepewa habari za shule, nasi twataka kuuliza neno lisiloulizwa sana, nalo ni hili: kijana alipomaliza masomo yake alifanya kazi gani, nani alimlipa, na mzazi wake aliona faida gani hata akakubali kumtoa shambani? Maana wazazi walikata mashauri yao kwa kutazama hayo kuliko kwa kusikia mahubiri yetu.

Hatuna budi kuanza Unguja, kwa kuwa ndiko ilikojikita Misheni ya Vyuo Vikuu iliyozaa dayosisi yetu. Askofu Tozer alipofika huko mwaka 1864 alipewa na Sultani wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa. Baada yao wakaja wengine wengi waliookolewa baharini na manowari za Kiingereza, wakawekwa Kiungani, nje kidogo ya mji. Watoto hao hawakuwa na baba wala mjomba wa kuwapa shamba, wala ukoo wa kuwarithisha kazi. Basi Misheni ilipaswa kuwafundisha na kuwatafutia riziki pamoja. Walioonekana wepesi wa kusoma walifundishwa wawe walimu, na katika hao wakatoka watumishi wa Kanisa: John Swedi, mmoja wa wale watano wa kwanza, akawa shemasi mwaka 1879, na Cecil Majaliwa akawa padre mwaka 1890. Wasiochaguliwa walifundishwa useremala, uashi na kupiga chapa. Wasichana wa Mbweni nao waligawanywa vivyo hivyo, wengine wakasomeshwa ualimu, wengine wakapewa kushona, kufua na kulima.

Twaomba msomaji alishike jambo hili. Kitabu kilikuwa cha aliyechaguliwa. Randa na mwiko vilikuwa vya aliyebaki. Hatudhani kwamba mtu yeyote alikusudia kuidharau kazi ya mikono, na wamisionari wenyewe waliihubiri sana heshima yake. Lakini mtoto huona kwa macho kabla ya kusikia kwa masikio, naye alikwisha kuona ni nani aliyeachwa na kitabu na ni nani aliyepelekwa kwenye karakana.

Kisha ikaja Serikali. Wadachi walifungua shule yao Tanga katika miaka ya 1890, wapate makarani, maakida na walimu wa kuwasaidia kutawala. Waingereza walipoishika nchi baada ya Vita Kuu ya kwanza, wao nao walitaka makarani, tena wanaojua Kiingereza, na vijana wa Kiungani walikuwa nacho. Habari za Bwana Martin Kayamba zatosha kuwa mfano. Alizaliwa mwaka 1891, akasoma Kiungani, akafanya kazi za ukarani Mombasa na kwingineko, kisha akarudi Tanga akapanda cheo katika afisi ya Serikali. Mwaka 1922 alianzisha huko Tanga chama cha Waafrika watumishi wa Serikali, na mwaka 1931 alikuwa mmoja wa waliokwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza. Mzazi wa Bonde aliyeyatazama maisha ya mtu huyu hakuhitaji kuelezwa faida ya kalamu.

Hapo ndipo Misheni ilipopata taabu yake kubwa. Ilimsomesha kijana kwa sadaka za watu maskini wa Uingereza na wa hapa, ikakusudia awe mwalimu wa kijiji. Lakini mshahara wa mwalimu wa kijiji ulikuwa mdogo, na ule wa karani ulikuwa mkubwa kuuliko. Wengi walikwenda. Walilaumiwa kwamba wamependa fedha, na lawama hizo zimo bado katika vinywa vya wazee. Sisi hatuziungi mkono. Mtu mwenye mke na watoto, na wazee wa kutunzwa, akiuza maarifa yake kwa bei iliyoko sokoni, hatendi kosa. Ajabu yetu ni kwa wale waliobaki, na twasikitika kwamba majina yao hayamo vitabuni kama ya wenzao.

Mwaka 1924 wajumbe wa Phelps-Stokes kutoka Marekani walizunguka Afrika ya Mashariki, wakashauri kwamba shule zifuate maisha ya kijiji: kilimo, afya, ufundi. Kisha ikaja sheria ya elimu ya mwaka 1927, na Serikali ikaanza kuzipa shule za misheni fedha za msaada. Walakini fedha hizo zilikuja na masharti: mkaguzi aridhike, na mwalimu awe na cheti. Shule ndogo za vijijini, zenye mwalimu asiye na cheti na watoto wamekaa chini, hazikupata kitu, zikabaki juu ya mabega ya Kanisa. Fedha zilifuata cheti, na wazazi wakalijua hilo nalo. Na Kiungani chenyewe kilikuwa kimehamia Minaki, karibu na Kisarawe, mwaka 1925, na Minaki ikawa mojawapo ya shule chache zilizowafikisha Waafrika wa Tanganyika katika masomo ya sekondari.

Ushauri wa kijiji ulijaribiwa kwa bidii katika shule ya Serikali ya Malangali, iliyofunguliwa mwaka 1928 chini ya Bwana Mumford. Humo vijana walivaa mavazi ya kienyeji, wakacheza ngoma za kwao, wakafundishwa mila. Haikudumu katika hali ile. Vijana hawakutoka kwao ili waje kufundishwa mambo ya kwao. Walitaka Kiingereza na hesabu, maana ndivyo vilivyolipwa. Miaka mingi baadaye, mwaka 1965, mtaalamu Philip Foster aliyechunguza shule za Ghana aliandika maneno ambayo wazazi wa Malangali wangaliyakubali mara moja: kwamba masomo ya kitabu ndiyo hasa yaliyokuwa masomo ya kazi, kwa kuwa ndiyo yaliyoongoza kwenye kazi zenye mshahara mwema, na kwamba mtaala hauwezi kuzigeuza nia za vijana ikiwa mishahara haigeuki.

Baada ya Uhuru kalamu ilizidi thamani. Wageni walikuwa wakiondoka, na afisi zilitaka watu. Mwaka 1964 ada za sekondari zilifutwa, na mpango wa Serikali wa mwaka huo ulikusudia kwamba ifikapo 1980 nchi ijitosheleze kwa watu wenye ujuzi. Aliyemaliza sekondari siku zile hakutafuta kazi. Kazi ilimtafuta yeye. Mwaka 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana kuyapinga masharti ya kwenda jeshi la kujenga taifa, na mojawapo ya manung'uniko yao lilikuwa ni mshahara utakaopunguzwa. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao, akakata na mshahara wake mwenyewe. Mwaka uliofuata alitoa kijitabu cha Elimu ya Kujitegemea, akaeleza kwamba katika watoto 100 wa shule za msingi ni kama 13 tu watakaopata nafasi ya sekondari, na wale wengine hawafundishwi neno lolote la kuwafaa. Yeye naye alitaka kila shule iwe na shamba. Mashamba yakalimwa, lakini katika shule nyingi jembe likawa ndiyo adhabu ya mtoro, na hilo latosha kuonyesha liliheshimiwa kiasi gani.

Kwa sheria ya mwaka 1969 Serikali ilizitwaa shule zetu, Minaki na Chidya miongoni mwao, na Kanisa likabaki na seminari.

Twafika katika siku zetu. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000 kila kata ilihimizwa kujenga sekondari yake, na Wakristo wetu walibeba matofali, mchanga na maji pamoja na jirani zao Waislamu. Mwaka 2016 ada ilifutwa hata kidato cha nne. Katika shule za kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka. Mwaka 2022 ikafutwa ya kidato cha tano na cha sita. Hili ni jambo la kumshukuru Mungu, nasi hatutaki kusikia wasemao kwamba shule zimekuwa nyingi mno. Lakini majengo yalitangulia, walimu na vyumba vya maabara vikafuata nyuma: katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2012 zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri, hata Waziri Mkuu akaunda tume ya kuchunguza. Na cheti chenyewe kimebadilika bei. Zamani kilikuwa na thamani kwa sababu kilikuwa adimu, si kwa sababu ya Kiingereza na hesabu peke yake. Sasa kinashikwa na wengi, na kijana mwenye cheti cha kidato cha nne huendesha bodaboda sawasawa na yule asiye nacho. Hata wahitimu wa ualimu hukaa miaka nyumbani wakingoja kuajiriwa, nako katika shule zile zile walimu hawatoshi.

Januari 2024 kidato cha kwanza kilianza katika mikondo miwili, wa jumla na wa amali, na huo wa pili una ufundi ndani yake. Parokia kadhaa zimeuliza kama fedha za jubilei zijenge karakana katika shule ya dayosisi. Twaona yafaa, kwa sharti kwamba asipelekwe huko yule aliyeshindwa hesabu, kwa maana hilo lilikwisha kufanyika Unguja, nasi tumeona matunda yake. Seremala wa leo apaswa kujua kupima, kusoma mchoro, na kuandika hesabu ya mbao na bei yake. Tena karakana si kuta: yataka umeme, vifaa, na fundi wa kufundisha alipwaye mshahara usiomfanya atazame mlango. Na yataka mnunuzi. Katika parokia nyingi viti vya kanisa sasa ni vya plastiki, vilivyonunuliwa mjini kwa fedha za harambee, na seremala aliyebatizwa katika kanisa lile lile hakuulizwa bei yake. Halmashauri za parokia zitakapokutana kuzungumza juu ya fedha za karakana, twaomba zilete na hesabu za viti.