Simba wa Mkiani

Juu ya kabati langu la vitabu hapa Mchombe, pasipofikiwa na wajukuu, ipo ndege ya chuma yenye urefu wa sentimita 13. Mpwa wangu aliniletea kutoka London kwa fedha zangu mwenyewe. Mke wangu alipopiga hesabu alikuta ni magunia mawili ya mpunga. "Mwalimu, umenunua mdoli," alisema, akashika jembe lake. Sikumjibu, maana alikuwa na haki.

Huko ng'ambo wako watu wazima wanaokusanya ndege hizi kama wengine wakusanyavyo stempu. Zinki huyeyushwa, husukumwa kwa nguvu katika kalibu ya chuma, kisha hupakwa rangi za shirika fulani na namba ya ndege fulani, si nyingine. Hutolewa chache kwa makusudi. Yangu ni Super VC10 ya East African Airways, imepunguzwa mara 400, na imeandikwa 5H-MMT. Hiyo 5H ni Tanzania.

Shirika hilo lilianza mwaka 1946. Kati ya 1966 na 1970 lilipokea Super VC10 tano kutoka Uingereza, zenye injini nne nyuma, za aina iliyobuniwa kwa ajili ya viwanja vya joto na vya nyanda za juu kama vyetu. Moja iliangamia Addis Ababa tarehe 18 Aprili 1972, watu 43 wakafa. Zikabaki nne: mbili zenye 5H, moja 5Y ya Kenya, moja 5X ya Uganda. Lakini zote zilikuwa za wote, na hilo ndilo nililolifundisha.

Niliiona Dar es Salaam nikiwa nimetoka chuo cha ualimu karibuni. Niliporudi shuleni nilibandika picha yake ukutani, nikawaambia watoto, "Hii ni yenu." Wakaunda zao kwa mabua na miiba. Simba wa mkiani walimchora kwa mkaa, akafanana na paka.

Mwaka 1977 shirika likafa, na mpaka wetu na Kenya ukafungwa. Mtoto mmoja akanyosha mkono: "Mwalimu, kipande chetu ni kipi?" Nilimwambia akae chini. Nimefundisha miaka mingi, na makosa yangu ni mengi, ila hilo ndilo linalonirudia usiku. Picha niliibandua jioni, watoto wakiwa wamekwenda.

Jibu nimelipata uzeeni. Ndege zote nne zilirudi Uingereza, na jeshi la anga la huko likazigeuza kuwa za kujazia ndege nyingine mafuta angani. 5H-MMT ikaitwa ZA147. Tarehe 25 Septemba 2013, miaka 36 baada ya sisi kugawana mbao, ndiyo iliyoruka safari ya mwisho kabisa ya VC10 duniani.

Yule mtoto sasa ana wajukuu. Alipita kwangu baada ya mavuno, nikamsimulia yote hayo, nimechelewa karibu miaka 50. Akaishika ile ndege kwa mikono miwili, akaigeuza mkia.

"Huyu ni simba kweli," alisema.

Sasa natafuta ya 5Y na ya 5X. Mke wangu bado hajaambiwa.