Kitufe cha Kijani na Wataalamu Walioshindwa na Fotokopi

Tarehe 22 Oktoba 1938, huko Astoria, New York, Chester Carlson alipata nakala yake ya kwanza bila wino wa maji. Mwaka 1959, kwa njia hiyo, ikatoka mashine ya fotokopi ya Xerox 914, iliyotumia karatasi ya kawaida. Tangazo lake la televisheni lilionyesha mtoto wa kike akitoa nakala peke yake.

Mashine zikaongezewa uwezo, na vitufe vikazidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wateja walilalamika kwamba Xerox 8200 inawasumbua. Lucy Suchman, mwanaanthropolojia katika maabara ya kampuni ya Xerox huko Palo Alto, aliweka kamera mbele ya mashine akawaita wenzake wawili: Allen Newell, mmoja wa waasisi wa akili bandia, na Ron Kaplan, bingwa wa isimu ya kompyuta. Walitaka nakala za pande mbili tu. Wakabonyeza, wakasoma maelekezo, wakabishana, wakarudia tena. Baada ya filamu ile, nani angethubutu kusema tatizo ni ujinga wa mtumiaji?

Katika kitabu chake cha mwaka 1987, Suchman alieleza kwamba mashine hufuata mpango iliowekewa, lakini haimwoni mtu aliye mbele yake wala haijui amepotelea wapi. Baadaye ikaenea hadithi kwamba utafiti wake ndio uliozaa kile kitufe kikubwa cha kijani cha kuanzisha kunakili. Yeye ameikana. Kitufe kilikuwapo tayari, tena matangazo ya mashine yalificha kazi ya kujifunza kuitumia. Namwunga mkono kabisa.

Vioo vya kugusa vilifuata kwenye mashine hizi, lakini tatizo la kuelewana nazo halijaisha.

Kwetu Kanyabayonga, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako watu walikimbia vita Juni 2024 kuelekea Kirumba na Butembo, fotokopi si jambo dogo. Kongo haijafanya sensa tangu 1984, na kadi ya mpiga kura ndiyo kitambulisho cha wengi. Ikipotea bila nakala, mtu hupata taabu kujitambulisha. Lakini kijana wa kibanda cha fotokopi huonyeshwa ujumbe wa hitilafu kwa Kifaransa au Kiingereza, karatasi ikiwa imekwama ndani na wateja wamepanga mstari. Wanaotuletea mashine hizi wadai kwa watengenezaji maelekezo ya Kiswahili, na wayajaribu hapa hapa, mbele ya watakaozitumia.